Kwa Nini Ukarabati wa Maktaba za Nairobi Ulianzia Eastlands

Kutoka Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, hadi Maktaba ya McMillan ni hatua chache tu. Jengo lenyewe halifichiki: nguzo ndefu, ngazi pana, na sanamu za simba wawili zikilinda mlango. Lilifunguliwa mwaka 1931. Kwa umri, nchini Kenya linatanguliwa na Maktaba ya Seif bin Salim ya Mombasa, iliyoanza 1903. Ndani yake na katika matawi yake kuna vitabu, magazeti, majarida na nyaraka zipatazo 400,000.

Mtu angetarajia kwamba siku ya kukarabati maktaba za jiji ikifika, mafundi watapandisha ngazi zao hapo kwanza. Haikuwa hivyo. Taasisi ya Book Bunk ilianzishwa mwaka 2017 na mwandishi wa riwaya Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka. Mwaka 2018 iliingia ubia na Kaunti ya Jiji la Nairobi kufufua maktaba tatu: hii ya katikati ya jiji, na matawi yake mawili ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, yaani Kaloleni na Makadara. Matawi ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa na kufunguliwa upya.

Wapo wanaoshangaa kwa nini fedha zitangulie mitaani, wakati jumba kubwa linalopigwa picha na wageni linasubiri. Ni swali la haki. Ukilijibu vizuri, utakuwa umeeleza karibu kila kinachofanya ukarabati wa maktaba kongwe uwe mgumu kuliko unavyoonekana kwenye michoro ya msanifu.

Tuanze na nani alijengewa nini. William Northrup McMillan alikuwa tajiri Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis, aliyelowea Kenya, akafariki 1925 na kuzikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, alimjengea maktaba ya kumbukumbu kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1958 ilikuwa maktaba ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyefanya kazi jijini aliweza kupita mbele ya simba wale kila asubuhi kwa miaka 20, na ndani asiwe na kiti. Mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji, na milango ikawa ya wote.

Kaloleni ina historia nyingine. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za Waafrika waliofanya kazi mjini, na ukumbi wake wa kijamii ukawa mahali pa mikutano ya siasa wakati wa kudai uhuru. Tom Mboya ni miongoni mwa waliohutubia pale. Tawi la maktaba likaja kukaa katikati ya watu ambao tayari walikuwa na desturi ya kukusanyika, kusikilizana na kubishana. Msomaji wa Kaloleni hapandi matatu kwenda maktaba. Anavuka uwanja.

Hapo ndipo jibu linapoanzia. Mtu anayetaka kujua maktaba ya leo ifanye kazi gani anapaswa kwenda kukaa walipo wasomaji, na wasomaji wengi wa Nairobi wanaishi Eastlands.

Akishafika huko, kitu cha kwanza atakachokiona kitavunja dhana yake. Ingia maktaba yoyote ya umma katika miji yetu, Jumamosi asubuhi, mitihani inapokaribia. Meza zimejaa. Rafu zimesimama kimya, karibu hakuna anayezigusa. Msichana wa kidato cha nne amekuja na daftari zake, kitabu cha kiada alichokifunika kwa gazeti ili jalada lisichanike, na chupa ya maji. Hajaazima chochote na hataazima. Alichokifuata ni kiti, meza, mwanga na utulivu, kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja chenye wadogo zake watatu, televisheni, na jiko linalopikiwa jioni.

Wakutubi wameliona jambo hili kwa miaka mingi, lakini takwimu za uazimaji hazilionyeshi. Afisa wa bajeti anayehesabu vitabu vilivyoazimwa ataandika kwamba maktaba imekufa, siku ileile ambayo watoto wamekaa hata kwenye ngazi kwa kukosa viti. Naamini hili ndilo kosa linalogharimu zaidi kuliko mengine yote: kukarabati kwa kufuata kipimo kisichomwona msomaji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ukarabati ni kuuliza, na majibu huwa ya kawaida kiasi cha kuwakatisha tamaa wasanifu. Watu wanataka choo safi chenye maji na mlango unaofungika. Wanataka soketi za kuchajia simu na kompyuta mpakato. Wanataka maktaba isifungwe saa kumi na moja jioni, wakati mfanyakazi ndiyo kwanza anatoka kazini. Wazazi wa wasichana wanataka taa kwenye njia ya kutokea. Mama mwenye mtoto wa miaka minne anataka pembe ambayo mtoto huyo ataruhusiwa kucheka kwa sauti, na mwanafunzi wa uuguzi anataka ukuta mnene kati yake na pembe hiyo. Mahitaji haya mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua ramani ya ndani: watoto chini, karibu na mlango na choo, kimya juu, au nyuma, mbali na barabara. Jengo la zamani lenye ukumbi mmoja mkubwa halina mpangilio huo, na kuta haziwezi kuongezwa ovyo bila kuziba hewa na mwanga.

Tawi dogo ni mahali pazuri pa kujifunza haya. Rafu ikiwekwa vibaya Kaloleni, inahamishwa kesho. Wakutubi wanazoea utaratibu mpya wakiwa na chumba kimoja cha kusimamia. Kaunti inapata kuona kazi iliyokamilika kabla ya kukubali kazi kubwa. Na jirani aliyeulizwa maoni akayaona yametekelezwa huwa mlinzi wa maktaba bila kulipwa.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni ya kisheria. Jengo la McMillan lina sheria yake lenyewe ya mwaka 1938, iliyoweka namna litakavyosimamiwa. Kukawa na kukabidhiwa kwa Baraza la Jiji mwaka 1962. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika Jedwali la Nne iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, huku majengo na kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Nayo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inadhibiti mabadiliko kwenye jengo lililotangazwa kuwa turathi. Jengo kongwe la umma, basi, linaweza kuwa na mwenye ardhi, mwenye jukumu la kuliendesha, mwenye mamlaka ya kulinda sura yake na mwenye fedha za kulitengeneza, na wote wanne wasiwe mtu mmoja. Kubadilisha dirisha tu kunaweza kuhitaji barua kwa ofisi tatu. Mradi usiotenga miezi ya kushughulikia barua hizo huishia na mkandarasi aliyeshalipwa malipo ya awali, amekaa kitako, bei za saruji zikipanda.

Sasa twende kwenye jengo lenyewe. Mafundi wenye uzoefu huanza na maji, hata kabla ya kuzungumzia rangi. Miaka kadhaa iliyopita niliingia maktaba moja ya umma, mji sitautaja, nikakuta beseni la bluu la kufulia limewekwa sakafuni kati ya rafu mbili. Matone yalikuwa yakidondoka taratibu, tik, tik, na rafu ya juu imefunikwa karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Mkutubi alihamisha beseni kidogo kwa mguu, akiwa anazungumza nami, bila kuangalia chini. Alikuwa ameshazoea. Ukutani, nyuma ya rafu hiyo, rangi ilikuwa mpya kabisa. Ilipakwa kwa ajili ya ziara ya mgeni rasmi. Paa halikuguswa.

Maji huua maktaba kwa njia mbili. Ile ya wazi ni kulowa. Ile ya siri ni unyevu wa hewa: unapokaa juu ya takriban asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza kuota kwenye majalada, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha hujipatia karamu ya gundi na wanga. Kitabu kinaweza kuharibika bila kuguswa na tone hata moja. Ndiyo maana paa, mifereji na mabomba ya chini ya ardhi hutangulia, na ndiyo maana sehemu hiyo ya kazi haipendwi na wafadhili: haipigwi picha.

Kisha ukuta. Kwa majengo ya mawe yaliyojengwa kwa chokaa, kama ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mafundi wa Pwani wanajua jambo ambalo mkandarasi wa haraka hulisahau. Chokaa hupitisha unyevu. Ukuta hulowa na kukauka kwa zamu. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza taratibu nyuma ya uso unaong'aa. Majengo ya zege yana ugonjwa wake mwingine: maji yakifikia nondo, kutu huivimbisha, na zege hupasuka kutokea ndani. Beit al Ajaib ya Zanzibar, jumba la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Baada ya msiba ule, sioni namna mtu anaweza kutetea kuanza kazi kwenye jengo kongwe bila uchunguzi kamili wa mhandisi, hata uwe wa miezi sita na wa gharama.

Sakafu nayo ina hesabu yake. Sakafu ya ofisi kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya rafu za vitabu zilizojaa huhitaji karibu kilo 730, takriban mara tatu. Mtu akisema "tuhamishie vitabu kwenye chumba cha mikutano ghorofani ili chini pawe na kompyuta", anapendekeza kitu kinachoweza kupasua boriti. Rafu za kisasa zinazosogea kwenye reli, zinazookoa nafasi, huongeza uzito huo maradufu, kwa hiyo mahali pake ni sakafu ya chini kabisa.

Umeme ni shida ya aina hiyohiyo. Jengo la 1931 lilitarajia mwanga wa dirishani na taa chache za dari. Waya wa zamani wa ampea 5, kwa volti 240, hubeba wati 1,200. Ukiweka kompyuta mpakato zenye kuvuta wati 60 kila moja, 20 zinatosha kuumaliza. Msomaji wa 21 akichomeka chaja, fyuzi inaondoka, au waya unachemka kimya kimya ndani ya dari ya mbao, juu ya karatasi. Kutandaza nyaya mpya ni lazima, na kwenye jengo la turathi huwezi kuchimba ukuta unavyotaka. Nyaya hupitishwa chini ya sakafu au ndani ya fanicha.

Ngazi ndizo zinazonisumbua zaidi. Zile ngazi pana za mbele, zinazopendeza kwenye picha, ni ukuta kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumika sana ni mteremko wa 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za njia. Tuseme mlango uko mita 1.2 juu ya ardhi; hapo unahitaji mita 14.4 za njia, bado hujaweka mahali pa kupumzikia katikati. Urefu huo utavuka uso mzima wa jengo. Watu wa turathi watasema utaharibu sura yake, na wana hoja. Suluhisho jepesi ni kuwapitisha wenye ulemavu mlango wa nyuma, karibu na jaa. Siliungi mkono. Jengo ambalo liliwahi kuwaambia watu wengi kwamba mlango wa mbele si wao halifai kurudia neno hilo kwa kundi jingine. Afadhali mlango wa ubavuni utengenezwe upya uwe mlango mkuu wa kila mtu, wenye miguu na wenye magurudumu, na ngazi zibaki pa kukalia na kupigia picha.

Nimezungumza mengi kuhusu jengo, na bado sehemu ngumu hatujaifikia. Iko kwenye rafu.

Maktaba haiwezi kukarabatiwa vitabu vikiwa ndani, na huwezi kuvitoa bila kuvihesabu. Hesabu hiyo ndiyo huibua ukweli. Kuna kadi za katalogi za vitabu visivyokuwepo tena, na vitabu visivyo na kadi. Kuna nakala sita za mwongozo wa kodi uliopitwa na wakati, na hakuna hata nakala moja ya riwaya inayotahiniwa mwaka huu. Kuondoa vilivyochoka, kazi ambayo wakutubi huiita kupalilia, huwaudhi watu. Picha ya vitabu vikipakiwa kwenye lori huenea kwa saa moja. Lakini shamba lisilopaliliwa halimfai mwenye njaa. Kitabu cha tiba cha mwaka 1965 katika rafu ya wazi kinaweza kumdhuru anayekiamini.

Maandishi ya kikoloni ni suala jingine. Maktaba iliyojengwa kwa ajili ya Wazungu ilikusanya walichotaka kusoma: uwindaji, safari, kumbukumbu za walowezi, ripoti za serikali ya Uingereza. Wapo wanaotaka yote yaondolewe. Mimi nasema yabaki, mahali pa utafiti, na maelezo kamili ya yalikotoka, maana mtoto wa mtoto wa aliyenyang'anywa ardhi anaweza kuhitaji ripoti hiyohiyo siku moja. Kinachopaswa kuondoka ni nafasi ya mbele yaliyopewa.

Nafasi ya mbele, nyakati nyingine, hutolewa na namba. Maktaba zetu nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa Marekani mwaka 1876. Katika kundi la dini, linaloanzia 200, Biblia na Ukristo vimepewa kuanzia 220 hadi 289. Uislamu wote umebanwa kwenye 297. Dini za jadi za Kiafrika ziko 299.6. Katika fasihi, ya Kiingereza ina 820 nzima. Fasihi ya Kiswahili, lugha inayozungumzwa na watu zaidi ya milioni 200, iko 896.392, mwishoni mwa mwisho, ndani ya lugha "nyinginezo". Msomaji haoni hoja hiyo ikitolewa. Anachoona ni kwamba vitabu vya lugha yake viko kwenye rafu ya mwisho, chini, karibu na stoo. Ukarabati ni fursa adimu ya kulirekebisha hilo, kwa sababu kila kitabu kitashikwa mkononi hata hivyo. Si lazima kuuacha mfumo wote. Inatosha kuamua kwamba Kiswahili, Gikuyu, Dholuo, Kikamba na nyingine zitakuwa na eneo lake mbele, zenye alama ya rangi mgongoni.

Katalogi ya kompyuta inaficha tatizo jingine, na hili sijalisikia likizungumzwa vya kutosha. Programu nyingi za kutafutia zimetungwa kwa kufikiria Kiingereza, ambacho kwa kawaida hubadilisha neno mwishoni. Kiswahili hubadilisha mbele. Mvuvi, wavuvi. Ukuta, kuta. Msomaji akiandika "mvuvi", kitabu chenye "wavuvi" kwenye jina hakitokei, naye ataondoka akiamini maktaba haina kitu kuhusu bahari. Dawa ipo na ni nafuu: kuandika umoja na wingi katika maneno ya mada, au kuiagiza programu itafute hata katikati ya neno, ili "vuvi" ilete mvuvi, wavuvi na uvuvi kwa pamoja. Inahitaji tu mtu anayeijua lugha akae meza moja na fundi wa programu kabla mkataba haujasainiwa.

Magazeti ya zamani yana haraka kuliko vyote. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zisizosafishwa. Ina asidi yake yenyewe, na hujila. Ukifungua jalada la magazeti ya zaidi ya miaka 80, ukingo wa ukurasa hukatika kwa kuguswa na kubaki vidoleni kama maganda ya karanga. Kupiga picha za kidijitali huokoa yaliyoandikwa, lakini skana ya kulaza huvunja mgongo wa jalada. Kamera hutundikwa juu na ukurasa hufunguliwa nusu tu. Baada ya picha ndipo kazi yenyewe inaanza: kutaja tarehe, kuandika mada, kuweka nakala rudufu mahali pengine. Picha 10,000 zisizo na majina ni stoo nyingine tu.

Mwishoni kuna fedha za baada ya sherehe. Wafadhili hupenda kujenga. Umeme, intaneti, vitabu vipya na mshahara wa mkutubi huachiwa bajeti ya kila mwaka, ambako maktaba hushindana na barabara na zahanati. Maktaba ile ya beseni la bluu ilikuja kukarabatiwa, na paa safari hii likatengenezwa kweli. Nilirudi baada ya miaka miwili. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya maua, kwa sababu malipo ya intaneti yalikatika. Taa za upande wa nyuma zilikuwa zimeungua na ombi la balbu lilikuwa bado liko ofisini. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Wanafunzi walikuwa wamesogeza meza zote upande wa madirisha ya magharibi, na kila jua liliposogea, walinyanyuka pamoja, bila kuambizana, wakabeba viti vyao kidogo kuelekea mwanga, wakakaa, wakaendelea kusoma.